Grant Fuhr, golikipa Mweusi wa kwanza kuingia Ukumbi wa Heshima wa Hoki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayefuatilia michezo kwa Kiswahili hukutana na majina ya makipa wa soka kila siku, lakini jina la Grant Fuhr hulisikia kwa nadra sana. Haya ndiyo maswali yanayojirudia kwa watu wanaoanza kumjua. Baadhi yana majibu mafupi. Mengine nimeyaandika kwa kirefu kwa sababu mtu huyu anastahili kuelezwa ipasavyo, na mara nyingi husimuliwa kwa tarakimu tu, wakati tarakimu ndizo zinazompunja.

Grant Fuhr ni nani?

Ni mlinda mlango wa hoki ya barafuni kutoka Kanada, aliyecheza ligi kuu ya NHL kuanzia 1981 hadi 2000. Akiwa na Edmonton Oilers alitwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa ligi hiyo, mara 5, na la kwanza kati ya hayo, la mwaka 1984, lilimfanya awe mchezaji Mweusi wa kwanza kulibeba. Mwaka 2003 akawa mchezaji Mweusi wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Hoki mjini Toronto. Mwaka 2017, ligi ilipoadhimisha miaka 100, alitajwa miongoni mwa wachezaji 100 bora wa historia yake.

Sijawahi kutazama mchezo huu. Kipa wa hoki ya barafuni ana kazi gani?

Kila timu ina watu sita uwanjani, watano wa ndani na kipa mmoja, na wote wamevaa viatu vya vyuma vya kutelezea. Badala ya mpira kuna kisahani kigumu cha raba chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mshambuliaji mwenye nguvu anaweza kukipiga kwa kasi inayozidi kilomita 160 kwa saa. Lango ni dogo, upana mita 1.83 na kimo mita 1.22, kwa hiyo kipa analijaza kwa mwili, pedi za miguuni, gongo pana, na glovu kubwa ya kudakia.

Tofauti kubwa na soka ni wingi wa kazi. Kipa wa soka anaweza kumaliza dakika 90 akiwa ameokoa mara tatu. Kipa wa hoki hupigiwa mashuti 25, 30, wakati mwingine 40 katika vipindi vitatu vya dakika 20. Kufungwa mabao mawili au matatu ni jambo la kawaida, na hakuna anayekulaumu.

Alizaliwa na kulelewa wapi?

Spruce Grove, mji mdogo wa jimbo la Alberta, magharibi kidogo ya Edmonton. Alizaliwa tarehe 28 Septemba 1962. Akiwa bado mchanga alichukuliwa na Robert na Betty Fuhr, wanandoa Wazungu, wakamlea kama mtoto wao. Katika eneo kama lile, watoto hujifunza kuteleza kwenye barafu mapema kabisa, na Grant alijipeleka golini mwenyewe tangu utotoni.

Kuna jambo moja la kijiografia ambalo naliona kama zawadi ya majaliwa. Mji jirani wa Stony Plain ndipo palipokuwa na shamba la Glenn Hall, kipa aliyeanza mechi 502 za NHL mfululizo bila kukosa hata moja. Hall alikuwa shujaa wa Fuhr. Miaka mingi baadaye, Fuhr naye akaja kuweka rekodi ya kucheza bila kupumzika, na nitaieleza huko mbele.

Aliingiaje Edmonton Oilers?

Alianza na Victoria Cougars ya British Columbia katika ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada. Msimu wa 1980-81 alikuwa kipa bora wa ligi hiyo na timu yake ikatwaa ubingwa. Mwaka huohuo, katika uchaguzi wa chipukizi wa NHL, Edmonton walimchukua akiwa wa 8 kwa jumla. Klabu ya nyumbani kabisa, mwendo mfupi wa gari kutoka kwa wazazi wake.

Uamuzi ule ulishangaza baadhi ya watu, kwa sababu Oilers tayari walikuwa na Andy Moog, kipa kijana aliyetoka kuwaangusha vigogo Montreal katika mtoano. Fuhr alijibu kwa kwenda mechi 23 bila kupoteza katika msimu wake wa kwanza, rekodi ya kipa mgeni wa ligi. Alikuwa na miaka 19.

Kama alikuwa bora kiasi hicho, mbona alifungwa mabao mengi?

Hili ndilo swali la msingi, na asiyelipatia jibu hawezi kumwelewa Fuhr.

Wastani wake wa kufungwa katika maisha yake yote ya NHL ni mabao 3.38 kwa mechi. Ukimweka karibu na makipa wa leo, anaonekana wa kawaida. Lakini tazama timu aliyoichezea. Oilers ya Wayne Gretzky, Mark Messier, Jari Kurri, Paul Coffey na Glenn Anderson ilifunga zaidi ya mabao 400 kwa misimu mitano mfululizo, kuanzia 1981-82. Msimu wa 1983-84 ilifunga 446, na hakuna timu iliyowahi kufikia idadi hiyo, kabla wala baada. Kocha Glen Sather aliwaachia washambulie. Hata mabeki walikuwa washambuliaji, na Coffey alikuwa beki kwa jina tu.

Timu ikishambulia hivyo, nyuma hubaki wazi. Wapinzani wanapora kisahani, wanakuja wawili dhidi ya beki mmoja, au mtu mmoja peke yake anamkabili kipa. Huyo kipa alikuwa Fuhr, usiku baada ya usiku. Kazi aliyopewa ilikuwa ngumu kuliko kulinda wastani mzuri: wenzake wajiamini kwenda mbele wote, wakijua wakikosea yupo mtu wa kuwaokoa. Mechi ikiwa 6-2, bao la tatu halikuwa na maana kwake. Mechi ikiwa 4-4 na zimebaki dakika tano, hapo ndipo alipokuwa hafungiki. Gretzky, ambaye hakuna aliyemwona akicheza kwa karibu zaidi yake, amesema zaidi ya mara moja kwamba Fuhr ndiye kipa bora wa wakati wote.

Ongeza na hili: katika mechi za mtoano, ambako kila kosa lina bei, Fuhr alishinda mechi 92.

Alikuwa anadaka vipi?

Kwa wepesi. Hakuwa mrefu, na enzi zake pedi zilikuwa nyembamba kuliko za sasa. Makipa wa leo hufundishwa kupiga magoti na kuziba chini kwa mpangilio maalumu. Fuhr alisoma shambulizi, akatoka langoni kupunguza pembe, na alipodanganywa aliruka, akapindua mwili, akanyoosha mguu au glovu na kukinyaka kisahani ambacho uwanja mzima ulikuwa umeshakihesabu kuwa bao. Jambo lingine lililowatatiza wapigaji ni kwamba alivaa glovu ya kudakia mkono wa kulia, wakati makipa wengi huivaa kushoto. Upande ambao mshambuliaji amezoea kuuona wazi ulikuwa umezibwa.

Tena alikuwa na utulivu wa ajabu. Akifungwa bao la kizembe, sekunde chache baadaye amesimama palepale, hana habari nalo. Kwangu mimi hicho ndicho kipaji chake kikubwa kupita hata glovu yake.

Makombe yake matano aliyapataje?

1984: Fainali (mfululizo wa mechi, si mechi moja) dhidi ya New York Islanders, mabingwa mara nne mfululizo. Mechi ya kwanza Edmonton walishinda 1-0 ugenini, bao la Kevin McClelland, na Fuhr hakuruhusu kitu. Fikiria, timu ya mabao 446 inaanza kuchukua ubingwa kwa ushindi wa kipa. Aliumia mechi ya tatu, Moog akamalizia kazi.

1985: Philadelphia Flyers. Katika mechi mbili za fainali hiyo, Ron Sutter na Dave Poulin walipewa mikwaju ya penalti. Fuhr aliiokoa yote miwili.

1987: Flyers tena, safari hii hadi mechi ya saba.

1988: Boston Bruins. Golini kwa Boston alikuwepo Andy Moog mwenyewe, aliyeondoka Edmonton kwa sababu alichoka kugawana nafasi na Fuhr.

1990: Kombe hili anahesabiwa kama mwanatimu, lakini majeraha yalimweka nje na Bill Ranford ndiye aliyedaka. Ranford, kwa njia, alitoka Boston katika mabadilishano ya Moog.

Na mwaka 1986 ilikuwaje?

Aprili 30, 1986, mechi ya saba dhidi ya majirani na mahasimu, Calgary Flames. Matokeo 2-2, kipindi cha mwisho. Beki kijana wa Edmonton, Steve Smith, akiwa nyuma ya lango lake, alitaka kupiga pasi ndefu. Kisahani kikagonga nyuma ya mguu wa Fuhr na kuingia wavuni. Oilers wakatolewa, na ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Smith.

Walipotwaa kombe mwaka uliofuata, Gretzky alipokea na mtu wa kwanza aliyemkabidhi alikuwa Smith.

Msimu wake bora ulikuwa upi?

1987-88, na sioni nafasi ya mjadala.

Kabla ligi haijaanza, alidaka mechi zote tisa za Kanada katika mashindano ya Canada Cup ya 1987. Fainali dhidi ya Umoja wa Kisovieti ilikuwa ya mechi tatu, na zote ziliisha 6-5. Wasovieti walishinda ya kwanza, Kanada mbili zilizofuata. Anayesoma matokeo hayo bila kutazama mechi atadhani makipa walikuwa wamelala. Walioziona wanasema kingine kabisa, hasa kuhusu mechi ya pili, iliyokwenda muda wa nyongeza mara mbili huku kikosi cha kocha wa Wasovieti, Viktor Tikhonov, kikimshambulia Fuhr kutoka kila upande.

Akarudi Edmonton, akacheza mechi 75 kati ya 80 za msimu, idadi ambayo hakuna kipa wa NHL aliyewahi kuifikia wakati huo. Alishinda 40. Kisha mechi 19 za mtoano, akashinda 16 na kupoteza mbili. Alipewa tuzo ya Vezina ya kipa bora, na katika kura za mchezaji bora wa ligi alishika nafasi ya pili nyuma ya Mario Lemieux.

Ni kweli alifungiwa kwa sababu ya dawa za kulevya?

Ni kweli, na yeye mwenyewe hajawahi kulificha tangu lilipojulikana. Mwaka 1990 alikiri hadharani kwamba alitumia dawa za kulevya kwa miaka kadhaa, na kwamba alikuwa ameshapata matibabu na kuacha. Rais wa NHL wa wakati huo, John Ziegler, alimfungia mwaka mmoja, kukiwa na nafasi ya kurudi baada ya mechi 60.

Mtu alikuwa ameshajitibu, amekiri, ndipo akaadhibiwa. Naona adhabu ile iliwafundisha wachezaji wengine kunyamaza kuliko kutafuta msaada. Baadaye ligi na chama cha wachezaji walianzisha utaratibu wa kuwasaidia wenye matatizo ya namna hii, na hiyo ndiyo njia iliyopaswa kuwepo tangu mwanzo.

Alirudi Februari 18, 1991, ugenini dhidi ya New Jersey Devils. Edmonton walishinda 4-0. Amekaa nje tangu msimu uanze, halafu hafungwi hata moja! Mashabiki wa wapinzani walimzomea kwa mambo yale kwa muda mrefu, naye akaendelea kudaka.

Baada ya Edmonton alicheza wapi?

Septemba 1991 aliuzwa Toronto Maple Leafs katika biashara kubwa iliyohusisha wachezaji saba. Februari 1993 akaenda Buffalo Sabres, na miezi miwili baadaye wakaiondoa Boston kwa mechi 4-0 katika raundi ya kwanza; aliyekuwa golini upande wa pili ni Moog, kwa mara nyingine. Mwaka 1994 Fuhr na Dominik Hasek waligawana tuzo ya Jennings, inayotolewa kwa makipa wa timu iliyofungwa mabao machache zaidi. Hasek ndiye aliyefanya kazi kubwa msimu huo, tuseme ukweli. Kisha muda mfupi Los Angeles Kings, ambako hakung'ara, halafu St. Louis Blues na hatimaye Calgary Flames.

Ile rekodi ya mechi 79 ni ipi?

Mwaka 1995 wengi walikuwa wameshamzika. Alikuwa na miaka 33, na alipofika kambini St. Louis kocha Mike Keenan alimwona mzito na kumrudisha nyumbani. Fuhr alifanya mazoezi ya nguvu chini ya Bob Kersee, kocha wa riadha aliyemfundisha Jackie Joyner-Kersee, bingwa wa Olimpiki. Akarudi akiwa mtu mwingine.

Msimu wa 1995-96 alicheza mechi 79 kati ya 82, na 76 kati ya hizo alizianza mfululizo. Hakuna kipa aliyefikisha 79 katika msimu mmoja hadi sasa, na kwa jinsi timu zinavyowapumzisha makipa siku hizi sidhani kama atatokea. Gretzky naye akasajiliwa St. Louis mwishoni mwa msimu, wawili wale wakakutana tena.

Kisha ukaja mtoano. Katika raundi ya kwanza, Nick Kypreos wa Toronto alimwangukia Fuhr golini na kano za goti zikachanika. Blues walisonga bila yeye, wakatolewa na Detroit katika muda wa nyongeza wa pili wa mechi ya saba. Mashabiki wa St. Louis bado wanaulizana ingekuwaje.

Alikumbana na ubaguzi wa rangi?

Fuhr amesema kwamba utotoni Spruce Grove hakujiona tofauti, wala rangi haikuwa jambo la kuzungumzwa nyumbani. Hana desturi ya kulalamika. Lakini matukio yapo. Linalojulikana zaidi ni la 1993, alipokuwa Buffalo: klabu moja ya gofu ya eneo lile ilimkatalia uanachama. Ni mtu mwenye makombe matano, mpenzi mkubwa wa gofu, na wenzake Wazungu wa timu walikubaliwa. Habari zilipotoka magazetini, viongozi wa klabu walilazimika kuomba radhi na kumfungulia mlango.

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa mzungumzaji, mchango wake kwa watu Weusi ni mdogo. Sikubaliani nao. Kipa ndiye mtu ambaye timu nzima inamkabidhi hatma yake. Kumwona kijana Mweusi pale, katika timu bora duniani, kwa miaka kumi, lilikuwa jibu tosha kwa waliodai kwamba mchezo huu si wa watu wetu.

Kwa hiyo yeye ndiye Mweusi wa kwanza NHL?

Hapana. Wa kwanza ni Willie O'Ree, winga wa Boston Bruins, aliyeingia uwanjani Montreal Januari 18, 1958, huku akiwa haoni kwa jicho la kulia. O'Ree aliingizwa Ukumbi wa Heshima mwaka 2018, kwa mchango wake wa kuujenga mchezo.

Na hata kabla ya NHL kuundwa mwaka 1917, watu Weusi wa Nova Scotia walikuwa na ligi yao, iliyoanza Halifax mwaka 1895 chini ya viongozi wa makanisa ya Kibaptisti. Kipa mmoja wa ligi hiyo, Henry Franklyn wa Dartmouth Jubilees, anakumbukwa kwa kujitupa chini kwenye barafu kuzuia mashuti, wakati ambapo makipa wa ligi za Wazungu walitakiwa kubaki wamesimama. Kwa maneno mengine, historia ya makipa Weusi ni ndefu kuliko ya NHL yenyewe.

Nani walimfuata?

Golini: Eldon Reddick, aliyekuwa Edmonton mwaka wa kombe la 1990, Fred Brathwaite, Kevin Weekes, Ray Emery, Malcolm Subban.

Lakini mrithi wake mkubwa hakuwa kipa. Jarome Iginla, ambaye baba yake ni Mnigeria, alikulia St. Albert, nje kidogo ya Edmonton, na alipoanza hoki utotoni alicheza golini. Wachezaji kama Fuhr ndio waliompa jibu kila alipoambiwa kwamba hakuna Weusi NHL. Msimu wa 1999-2000, wa mwisho kwa Fuhr, walicheza pamoja Calgary. Brathwaite naye alikuwepo. Iginla akaja kuwa nahodha wa Flames, na yeye pia yumo katika Ukumbi wa Heshima.

Rekodi zake zipi bado zinasimama?

Mechi 79 za 1995-96, na pasi 14 za mabao za 1983-84, nyingi kuliko kipa yeyote katika msimu mmoja. Alimaliza na ushindi 403 katika mechi 868; ule wa 400 aliupata Oktoba 1999, akiwa kipa wa sita tu kufika hapo.

Alifanya nini baada ya kustaafu?

Alifundisha makipa, kwanza Calgary, kisha Phoenix Coyotes, ambako kocha mkuu kwa misimu kadhaa alikuwa Gretzky. Oktoba 2003 Edmonton waliistaafisha jezi yake namba 31. Gofu hajaiacha.

Nikitaka kumtazama, nianzie wapi?

Anza na mechi ya pili ya fainali ya Canada Cup 1987, iliyochezwa Hamilton tarehe 13 Septemba. Wengi huitafuta kwa ajili ya pasi tano za Gretzky na mabao matatu ya Lemieux. Itazame mara ya pili ukimwangalia kipa wa Kanada peke yake, hasa katika muda wa nyongeza. Halafu tafuta zile penalti mbili za 1985.